Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: njia tuliyopita kikundi chetu cha Ilomba, Mbeya

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama watano. Tunamenya na kukata viazi, tunawauzia wakaanga chipsi wa Kabwe na Mafiati. Tangu tupate mkopo, kila wiki kuna mtu ananiuliza tulifanyaje. Naandika mara moja, msome wote.

Fedha hizi si msaada. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ule ushuru unaolipa sokoni umo humo. Mkopo hauna riba, ila unarudishwa.

Hatua ya 1: Watu. Msipungue watano, wote miaka 18 na kuendelea (kwa vijana, mwisho 45), wasio na ajira rasmi, na asiwepo aliye kwenye kikundi kingine. Mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake. Msiazime majina ya mashemeji ili kujaza idadi. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kelele za vikundi hewa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, na sasa mnakaguliwa sura kwa sura.

Hatua ya 2: Karatasi. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa, awape barua ya utambulisho. Kisha nendeni kata kwa afisa maendeleo ya jamii mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi wenye sahihi za wote, na namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa. Huyo ndiye atakayewaongoza kwenye usajili. Mkipata cheti, fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi.

Hatua ya 3: Andiko la mradi. Hapa ndipo wengi wanakwama, na sisi tulikwama. Andiko letu la kwanza tulinunua kwenye duka la steshenari, limechapwa vizuri, lina maneno makubwa. Lilirudishwa. Tulipoulizwa gunia moja linaingiza shilingi ngapi, tukatazamana.

Tukakaa jikoni kwa mweka hazina na daftari lake la biashara ya mkaa. Kwanza tuliacha kuhesabu kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Lumbesa hairuhusiwi, gunia mwisho kilo 100, halafu huwezi kupiga hesabu ya kitu usichojua uzito wake. Kwa bei za siku zile, kilo 100 za viazi vya Umalila zilikuwa 70,000. Usafiri 8,000, wamenyaji na maji 12,000, mifuko 1,500, ushuru 2,000. Jumla 93,500. Tulipopima baada ya kumenya, kilo 25 zilikuwa zimekwenda na maganda na vilivyooza. Zikabaki 75, yaani mifuko 15 ya kilo tano. Kwa 7,500 kila mfuko tunapata 112,500. Faida ni 19,000 kwa gunia.

Tulikuwa na uhakika wa kuuza gunia nne kwa wiki, basi kwa mwezi ni 304,000. Andiko la mwanzo liliomba milioni 3, kulipa kwa miezi 12: rejesho 250,000. Ingebaki 54,000 wagawane watu watano! Tukashusha hadi milioni 2, rejesho likawa kama 167,000. Jirani zetu walitucheka kwamba tumeogopa fedha za serikali.

Hatua ya 4: Maombi na ukaguzi. Maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Kama simu inakusumbua, afisa maendeleo atakusaidia. Yanapitia kata, halmashauri, kisha wilaya. Baadhi ya halmashauri, kama Songea Manispaa, utaratibu wa 2024 uliwapeleka watu benki. Uliza kwanza kabla ya kupanga foleni. Wakaguzi wakija wakute kazi inaendelea. Sisi walitukuta mikono imejaa wanga, mmoja akaomba kuona mizani. Kuna mafunzo pia kabla ya fedha kuingia, nendeni wote, si mwenyekiti tu.

Hatua ya 5: Rejesho. Mnalipa kwa namba ya malipo ya serikali. Usimkabidhi mtu yeyote fedha mkononi, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Sisi kila Jumamosi tunatenga 42,000 kabla hatujagawana hata mia. Masika barabara ya Umalila ikiharibika viazi vinapanda, kwa hiyo Agosti na Septemba, kabla mvua hazijaanza, tunatenga 50,000. Risiti zinakaa kwenye kopo la maziwa kwa mweka hazina, juu ya kabati, mbali na watoto.