Brashi ya kwanza ya kunyolea ndevu
Anayeanza kunyoa kwa brashi na sabuni afadhali achague brashi ya nyuzi za sintetiki, yaani za kutengenezwa kiwandani badala ya nywele za mnyama, kwa kuwa haihitaji kulowekwa kabla ya matumizi, haina harufu ya mnyama na, jambo lenye uzito katika unyevunyevu wa Dar es Salaam, hukauka upesi. Asiyetaka nywele za nguruwe, zinazotumika katika baadhi ya brashi, zimguse uso atakuwa amelimaliza suala hilo pia. Shada la nyuzi lenye kipenyo cha milimita 24 hivi linatosha. Mpini wa kifahari hauongezi povu. Kwa kuwa nyuzi hizi hazifyonzi maji bali huyaachia mara moja, ikung'ute brashi kwanza, kisha ongeza maji kidogo kidogo hadi povu liwe zito, na ukitumia maji magumu ya kisima, yaani yenye madini mengi, zidisha sabuni.