Saizi na rangi kwenye duka la WooCommerce: fanya hivi usijichanganye

Mambo vipi wakuu. Mi nauza sendo za ngozi na shanga hapa Arusha kupitia WooCommerce, ile programu ya duka la mtandaoni inayowekwa kwenye tovuti ya WordPress, na wengi mnaonicheki mnakwama palepale, yaani mmepiga picha nzuri ila mteja hana pa kuchagua saizi, au mmetengeneza bidhaa 18 za sendo ileile moja mpaka duka linafanana na Kilombero siku ya soko.

Kabla ya kugusa kompyuta chukua karatasi. Andika vitu vinavyobadilisha bei, stoku au picha, hivyo tu ndo viwe varieshini (yaani machaguo ya bidhaa moja, mfano nyeusi saizi 40), mengine yote yaandike kwenye maelezo. Sendo zangu zina saizi 36 mpaka 41, yaani sita, na rangi tatu, 6 mara 3 ni 18. Mwanzoni nilijifanya fundi nikaongeza na aina mbili za mkanda, zikawa 36, kumbe bidhaa moja ikizidi varieshini 30 WooCommerce haizipakii zote pamoja na ukurasa, so mteja anachagua weee halafu mwisho ndo anaambiwa hiyo haipo. Nikaufanya mkanda wa pili kuwa bidhaa yake, yakaisha. Na kama unauza mitumba ya pea mojamoja, hii haikuhusu, weka bidhaa simpo, ile isiyo na machaguo, ulale.

Hatua ya 1. Fungua bidhaa, shuka kwenye boksi la data za bidhaa, badilisha aina kutoka simpo iwe ile yenye varieshini. Anza na hili, ukianza na mengine utatafuta vitufe usivione.

Hatua ya 2. Nenda kwenye atributi, yaani sifa za bidhaa kama rangi na saizi. Andika jina, mfano Rangi, kisha thamani zake ukizitenganisha na kile kimstari cha wima: Nyeusi | Kahawia | Nyeupe. Mkato hauitenganishi, itakuwa rangi moja ndefu. Hakikisha kiboksi cha kutumia kwa varieshini kina tiki, alafu seivu. Fanya hivyohivyo kwa Saizi.

Hatua ya 3. Ingia kwenye varieshini, bonyeza kitufe cha kuzizalisha, zote 18 zinakuja zenyewe. Zinakuja bila bei, na isiyo na bei haiuziki, mteja anaambiwa haipatikani wakati pea ziko kwenye shelfu. Bei ikiwa moja usiandike mara 18, kwenye menyu ya juu ya vitendo vya pamoja kuna pa kuiweka kwa zote.

Hatua ya 4, stoku, na hapa nimeumia mwenyewe. Niliweka stoku ya jumla kwenye bidhaa, pea 20, nikaona safi. Sasa ile namba inagawanwa na varieshini zote, mfumo haujui nyeusi 40 imebaki pea moja, ukaiuza mara nne, nikaanza kuwapigia wateja watatu simu kuomba radhi na kurudisha hela, mmoja yuko Dar alikuwa ameshalipia mpaka parseli ya basi. Kwa hiyo toa tiki ya stoku kwenye bidhaa, fungua kila varieshini, weka tiki ya stoku hukohuko na namba yake. Inachosha, weka chai pembeni. Ukiwa humo weka na msimbo wa bidhaa (SKU) unaosomeka, mi natumia SND-NYS-40, fundi wangu akiiona tu anajua ni nyeusi 40 hata asipofungua picha.

Picha: piga moja kwa kila rangi, hiyohiyo iweke kwenye saizi zake zote.

Seivu mabadiliko, sasisha bidhaa, alafu fungua duka kwa simu kama mteja, uwe umejitoa kwenye akaunti yako. Chagua rangi, chagua saizi, tupia kwenye kapu. Kitufe cha kununua kikiwa kimefifia usipanik, mara nyingi kuna kitu hujachagua bado.