Kujitoa mkojo kwa mpira baada ya kuumia uti wa mgongo

Uti wa mgongo ukiumia, kibofu hujaa bila mwenyewe kuhisi. Mara nyingi hujikaza huku mlango wake umejifunga, na presha inayopanda humo ndiyo huharibu figo. Kulowa kunaudhi, ila mkojo unaobaki ndani ni hatari zaidi. Basi fuata saa, usingoje kubanwa: toa kila baada ya saa 4 hadi 6. Pima kwenye jagi. Mtu mzima akivuka mililita 500, apunguze muda kati ya zamu.

Mara ya kwanza ufundishwe na muuguzi, naye akuchagulie mpira (katheta, yaani mrija mwembamba unaoingizwa hadi kibofuni). Watu wazima wengi hutumia unene wa namba 12 au 14. Nawa kwa sabuni, safisha sehemu za siri, paka mpira jeli inayoyeyuka kwenye maji. Mafuta ya mgando hayafai.

Mwanamume avute govi nyuma, anyooshe uume kuelekea tumboni, asukume taratibu. Karibu na kibofu mpira hukwama: ni msuli wa mlango. Hapo ndipo wengi hujiumiza kwa haraka. Tulia, vuta pumzi, shikilia bila kuchomeka kwa nguvu mpaka msuli ulegee. Ukilazimisha unatoboa njia ya pembeni, na kovu lake litakusumbua miaka. Usipolegea, acha, nenda kituo cha afya. Mkojo ukianza kutoka, ongeza sentimita 2 au 3. Ukikatika, vuta mpira polepole. Ukitiririka tena, acha kuvuta kwanza. Kisha rudisha govi, maana likibaki nyuma huvimba.

Kwa mwanamke njia ni fupi, kama sentimita 4; kioo husaidia. Mpira ukiingia ukeni kwa makosa, uache hapo uwe alama, uchukue mwingine safi uingize kwenye tundu lililo juu yake.

Mkojo wenye ukungu peke yake hauhitaji antibiotiki. Homa, kuvuja kusiko kwa kawaida au misuli kukakamaa kupita siku zote, hayo yapimwe.

Aliyeumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu, akiumwa sana kichwa ghafla huku uso unatoka jasho, aketi wima, alegeze nguo, atoe mkojo papo hapo. Presha ya damu imepanda. Isiposhuka upesi, hospitali, hata kama ni usiku wa manane.