Piano ya Kompyuta Ilie Kama Piano: Kuanzia Hedfoni Hadi Spika za Kanisani

Piano ya kompyuta ikilia kama kopo, wapiga kinanda wengi wa kwaya Mbeya na Iringa hukimbilia kutafuta programu nyingine. Mara nyingi programu haina kosa. Salamander Grand Piano, mkusanyo wa rekodi za piano unaofunguliwa ndani ya programu, ni ya bure, imerekodiwa kwenye Yamaha C5 kwa ngazi 16 za nguvu ya pigo, nayo inatosha kwa ibada na mazoezi. Faili lake ni kubwa. Kama bando ni dogo, jaribu Pianoteq, ambayo haifiki MB 100 kwa sababu hukokotoa sauti badala ya kucheza rekodi. Toleo lake la majaribio lina noti chache zilizonyamazishwa na hujizima baada ya dakika 20.

Anza na kidole. Unganisha kinanda kwa USB, kisha kwenye menyu ya MIDI (lugha ambayo kinanda huitumia kuiambia kompyuta noti na nguvu ya pigo) weka Local, yaani sauti ya kinanda chenyewe, iwe Off. Usipofanya hivyo, sauti ya kinanda na ya kompyuta zitalia pamoja kwa kupishana kidogo, na piano itakuwa kama inapigwa ndani ya bomba. Vinanda vyetu vingi vina vitufe vyepesi: pigo la wastani tu hufika 127, kikomo cha MIDI, kwa hiyo unasikia ngazi kali muda wote. Rekebisha mkunjo wa velositi (namna programu inavyosoma nguvu ya pigo) ndani ya programu hadi pigo la kawaida litoe kama 60 hadi 75, na 120 ipatikane kwa pigo la nguvu kweli. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na hakuna ekwalaiza itakayoifidia.

Pedali ichomekwe kabla ya kuwasha kinanda, na usiikanyage wakati kinawaka. Vinanda vingi husoma upande wa swichi wakati huo. Kikisoma vibaya, noti zitavuma ukiachia na kukatika ukikanyaga.

Sasa ucheleweshaji, yaani muda kati ya kupiga kitufe na kusikia sauti. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (njia ya haraka ya kupitisha sauti) ya kadi yako ya sauti. Kama huna kadi ya nje, ASIO4ALL ni ya bure. Weka 48 kHz na bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta huandaa kabla ya kukitoa) ya sampuli 128, yaani milisekunde 2.7. Bafa ya 512 ni karibu milisekunde 11 kabla ya ucheleweshaji mwingine, na kidole huanza kuihisi. Sauti ikipasuka-pasuka, panda hadi 256. Hedfoni za Bluetooth achana nazo kabisa. Nyingi huchelewa zaidi ya milisekunde 100. Umbali nao unahesabika: mita 3.4 za hewa ni milisekunde 10, kwa hiyo mpiga kinanda aliye mita kumi kutoka spika za ukumbi anahitaji spika yake ndogo karibu.

Kwa hedfoni, chagua ndani ya programu maikrofoni za upande wa mpigaji, au hali ya Binaural (sauti iliyopangwa kama masikio mawili yanavyosikia) kama programu inayo, na mwangwi mdogo wa sekunde moja hivi. Hedfoni zilizotengenezwa kwa besi nzito hufunika sauti za kati, ambako mwili wa piano uko. Zenye ohmu 250 zitasikika hafifu kwenye tundu la kompyuta. Tafuta za 32 hadi 80. Tukuyu mvua ikigonga bati, zilizofunika sikio ndizo pekee zitakazokuonyesha ngazi laini.

Kwa spika za chumbani, wewe na spika mbili mfanye pembetatu sawa, twita (kispika kidogo cha sauti za juu) usawa wa sikio, spika zisigusane na ukuta. Noti ya chini kabisa ya piano ni 27.5 Hz, na spika ya inchi 5 haifiki huko. Usilazimishe besi, utapata mvumo tu. Sakafu ya sementi na kuta tupu hurudisha sauti kali: tandika zulia, tundika blanketi nyuma yako. Nyanda za juu blanketi zito halikosekani.

Kanisani mambo hugeuka. Zima mwangwi wa programu, ukumbi wenyewe unao. Mwulize fundi mitambo kama miksa inapeleka mono, yaani kushoto na kulia vikijumlishwa kuwa sauti moja. Ikiwa ndivyo, rekodi ya maikrofoni mbili zilizo mbali ikijumlishwa hufuta baadhi ya masafa, na noti fulani zinakonda huku jirani zake zikinguruma. Tumia maikrofoni moja, au sikiliza kushoto peke yake, kisha kulia, upeleke inayobaki nzima kuanzia besi hadi noti za juu. Kilele cha sauti kibaki kama dB 6 chini ya mwisho wa kipimo, ili kiitikio chenye nguvu kisipasuke.

Muungurumo ukianza, chomoa chaja. Ukiisha, mzunguko wa ardhi (umeme unaozunguka kati ya vifaa kupitia nyaya za ardhi) ndio tatizo, na dawa yake ni DI, kisanduku cha kuunganishia, yenye transfoma kati ya kompyuta na miksa. Usikate kamwe pini ya ardhi. Ukiamua kupiga kwa betri, kumbuka kwamba Windows hupunguza kasi ya prosesa chaja ikitoka, na mipasuko hurudi. Weka mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu kabla ya ibada, na uhakikishe betri inahimili hadi baraka ya mwisho.