Jaribio la Kifaa cha Usalama Likipitwa na Muda
Wahandisi wa Uganda wanaojiandaa kwa kinu cha nyuklia kinachopangwa kujengwa Buyende wanafaa kuujua mapema utaratibu unaotumika Marekani. Ukigundua kwamba jenereta ya dizeli ya dharura haikujaribiwa kwa wakati, hata baada ya nyongeza inayoruhusiwa ya robo ya kipindi cha kawaida kati ya jaribio moja na lingine, andika saa ya ugunduzi na umjulishe msimamizi wa zamu papo hapo. Una saa 24 za kulifanya jaribio, au kipindi hicho cha kawaida ikiwa ni kirefu zaidi. Zikipita saa 24, tathmini ya hatari ni lazima. Nasisitiza lifanyike katika zamu hiyohiyo iwezekanapo, kwa sababu umeme wa gridi ukikatika, pampu za kupoza kinu huitegemea jenereta hiyo. Ikishindwa kuwaka, itangazwe mara moja kuwa haitegemeki.