Ukienda Efteling na watoto, weka karatasi mfukoni

Mkienda Efteling, bustani ya burudani kule Uholanzi, na watoto wadogo, msitupe ovyo karatasi za peremende. Bustanini kuna mapipa ya taka yenye umbo la bwana mnene aliyeachama mdomo, Holle Bolle Gijs. Anaita "Papier hier!", yaani karatasi hapa, mtoto akisogeza mkono, karatasi inafyonzwa fyuu, halafu bwana anashukuru. Wangu waliishia kuokota hadi za wenzao!

Jingine: usiku wa kuamkia safari wasimulieni hadithi mbili tatu, hasa ile ya mchawi na nyumba ya peremende. Kwenye Msitu wa Hadithi humo Efteling, uliofunguliwa 1952, mtoto asiyeijua hadithi hiyo ataona kijumba tu, apite.