Kukadiria mtiririko wa mto kwa mwezi pale vipimo vinapokuwa haba

Wenzangu, somo hili ni la anayetaka kujua mto kama Mwache, unaoingia katika mkono wa bahari wa Port Reitz hapa Mombasa, hupitisha maji kiasi gani kila mwezi, ilhali vipimo alivyonavyo ni vichache.

Anzeni na mvua. Mkikuta siku isiyoandikwa kitu msiandike sufuri, kwa maana pengo si ukavu, na mwezi wa Mei uliopotezewa siku tano namna hiyo huonekana mkavu kuliko ulivyokuwa. Pengo lijazwe kwa kituo jirani au kwa makadirio ya mvua yaitwayo CHIRPS, yatokanayo na setilaiti na yanayoanzia mwaka 1981, baada ya kuyalinganisha na miezi iliyopimwa ardhini.

Kwa uvukizi, kanuni ya Thornthwaite ya mwaka 1948 huhitaji wastani wa halijoto wa kila mwezi na latitudo ya mahali tu.

Kisha uchukulieni udongo kuwa mtungi wa milimita 100. Tuseme Machi umeishia na 40, na Aprili mvua ni 250 na uvukizi 130: 40 + 250 − 130 ni 160, basi 60 zinafurika. Nusu yake, 30, huingia mtoni mwezi huohuo, na nusu husubiri Mei. Milimita moja juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Kwa bonde la kilomita za mraba 200, hizo 30 ni mita za ujazo 6,000,000, yaani takriban 2.3 kwa sekunde.

Rekebisheni ukubwa wa mtungi na ile nusu tu, hadi hesabu ikaribiane na vipimo vya mtoni, huku sehemu ya vipimo hivyo mkiiweka kando kwa majaribio.

Swali (Changamwe): Mwalimu, mwanzoni kabisa mtungi uwe na kiasi gani?

Jibu: Anza mwisho wa Februari, kabla ya mvua za mwaka, yaani masika, ukiuhesabu karibu mtupu, kisha rudia mwaka wa kwanza hadi kiasi hicho kitulie.

Swali (Kinango): Huku kwetu mvua ya usiku mmoja huujaza mto, lakini hesabu yangu yasema mto mkavu. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, ndugu yangu, jumla ya mwezi huificha mvua kali inayokimbia kabla udongo haujainywa. Tenga sehemu ndogo ya mvua, tuseme asilimia 5, iende mtoni moja kwa moja. Lakini usiitumie hesabu hii kupimia daraja, kwani daraja huhitaji mvua ya saa kwa saa.